Bibi aliniambia nimempaka majivu, ndo nikajua kugredi rangi ni nini

Mi nipo Mikindani hapa Mtwara, filamu fupi yangu ya kwanza tuliishutia kwenye mikorosho ya familia msimu wa kuokota, na bibi mzaa mama ndo alikuwa muigizaji mkuu. Kamera ya kuazima pamoja na simu yangu, basi. Kuunga picha kulienda fasta, shida ikaja kwenye kugredi, yani kurekebisha rangi za shoti, manake waiti balansi, ile seti ya kamera inayofanya nyeupe ionekane nyeupe, tuliiacha oto kwa iyo ndani ya maongezi yale yale shoti hii ya njano inayofuata ya bluu, afu kule chini ya mikorosho jua linapita kwenye majani linaleta ukijani mpaka usoni.

Nikashusha DaVinci Resolve ile ya bure, programu ya kuhariri video, nikabandika luti ya mtandaoni, yani mpangilio wa rangi ulioandaliwa tayari, zile zinazofanya vivuli viwe bluu na ngozi iwe ya machungwa, nikaona sasa hii ni sinema. Tena video za mafunzo zilikuwa zinasema uso ukae kwenye 70 kati ya 100 ukiangalia ile grafu ya mwanga, basi nikaunyanyua uso wa bibi mpaka ukafika.

Nikampelekea laputopu uani anabangua korosho. Akafuta mikono kwenye kanga, akatazama weee, akasema "Mjukuu wangu, mbona mmenipaka majivu?"

Iliniuma sana. Na alikuwa sahihi kabisa, bibi ni mweusi wa kung'aa na ana chale za Kimakonde mashavuni, kwenye video ngozi imekuwa kijivu, ina chengachenga, chale hazionekani hata moja!

Ile 70 ni ya ngozi nyeupe jamani. Ngozi yetu inakaa chini zaidi, uzuri wake upo kwenye ule mng'ao wa paji la uso na shavu pembeni ya kivuli, ukiinua kila kitu kwa pamoja unaua vyote viwili. Nikafuta kazi yote nikaanza upya. Nodi ya kwanza, yani hatua ya kwanza ya marekebisho, mwanga na waiti balansi tu, nikipimia fulana nyeupe ya mdogo wangu iliyokuwepo kwenye fremu. Nikachagua shoti moja nzuri, nyingine zote nikazifananisha na hiyo, hapa ndo nilikaa siku nne nzima. Uso nikauacha kwenye 45 hivi, mng'ao ukapanda wenyewe. Halafu kuna skopu ya duara, grafu ya kuonyesha rangi, ina mstari wa ngozi, watu weupe kwa weusi rangi ya ngozi zao inaangukia karibu na mstari huo huo, ya bibi ilikuwa imevutwa kwenye kijani sababu ya majani, nikairudisha taratibu.

Mudi nikaweka mwisho kabisa. Sini za babu akiwa hai nikazipa ujoto kidogo, baada ya msiba nikapunguza ukolezi wa rangi, mtazamaji anaelewa muda umepita bila kuandikiwa chochote. Anga la jioni tu ndo lilinishinda, faili za simu ni za biti 8, yani ngazi zake za rangi ni chache, ukizivuta sana zinatoa mistari mistari, nikaliacha lilivyo. Siku hizi nikishuti juani nafunga waiti balansi kwenye kelvini 5600, kipimo cha mwanga wa mchana, oto sigusi tena.

Nikamrudishia bibi. Safari hii akasogea karibu na kioo, akapitisha kidole shavuni kwake, kisha kwenye skrini. "Hizi hapa chale zangu," akasema, akamwita jirani aje kuziona.