Huyo wa Katikati

Jana mpwa wangu alianika dagaa juu ya bati, harufu ikaingia mpaka chumbani. Mara nikawa tena Kirumba, Mwanza, alfajiri ile, macho kwenye kompyuta.

Yalikuwa mashindano ya poka ya mtandaoni, watu zaidi ya 3,000. Wa kulipwa ni 400 wa kwanza. Tulikuwa tumebaki 409. Mezani kwetu tisa, rundo langu la chipu za kuwekea dau lilikuwa kubwa kupita yote. Nikapata saba na nne, karata za kutupa, nikapandisha dau. Wote wakatupa zao, dau likawa langu. Nikapandisha tena kwa karata mbovu zaidi. Wakatupa.

Mama akatoka, kanga begani, anawahi mitumbwi ya dagaa Mwaloni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba. Hujalala, baba? Unacheza nini hicho?”

Nikamwonyesha. “Huyu kabakiwa na kidogo. Dau la lazima linazidi kupanda, litammaliza, kwa hiyo anaweza kuweka zote wakati wowote. Simchokozi ovyo. Yule ana nyingi kama mimi, anaweza kunitoa kwa mgao mmoja. Namkwepa. Ila hawa wa katikati wanaogopa kutoka kabla ya kufika kwenye hela. Hao ndio nawabana.”

Akainamia kioo, akatazama kitambo. Mama alinunua dagaa kwa mkopo wa kikundi. Matajiri wakifika pale ufukweni, hawakuhitaji kugombana naye. Walitaja bei ya juu kwa kila gunia, naye akasimama akihesabu marejesho ya Ijumaa kimoyomoyo, halafu akarudi nyuma. Nimemwona akirudi nyuma hivyo tangu nikiwa mdogo, nimeshika pindo la kanga yake.

“Huyo wa katikati,” akasema, “si ndiye mimi?”

Karata zikagawiwa. Tisa na mbili. Kidole kilikuwa tayari, nikapandisha. Wa katikati alikaa mpaka muda wake ukakaribia kwisha, kisha akatupa.

Mama akachukua ndoo yake, akarudishia mlango taratibu.

Nilimaliza wa 58. Hela yote nikampa iwe mtaji, akaipokea kwa mikono miwili. Naamini nilicheza inavyotakiwa, na mpwa wangu akitaka kujifunza nitamfundisha hivyo hivyo. Lakini swali lile sikumjibu Mama, na mpaka leo hajalirudia.