Kosa la Isabela ni kitabu, sio kitanda

Nimerudia gemu la Dragon Age II, mara ya nne sasa, na safari hii nilijiwekea sharti moja tu: kila Hawke, yani yule mhusika ninayemchezesha, akitoka nyumbani Isabela yupo, simwachi hata siku moja, hata pale ambapo akili inaniambia hapa ungebeba mtu wa kuponya. Nilitaka kumsikiliza. Maana miaka yote hii nasoma watu wanavyomuongelea huyu dada na naona kabisa kama tunaongelea watu wawili tofauti, na imefika mahali inanichoma, ndo maana naandika.

Kama hujacheza na unapanga kucheza basi ishia hapa, mi nitamwaga kila kitu.

Isabela ni nahodha wa meli, haramia, asili yake nchi ya Rivain, ila meli yake imevunjika karibu na mji wa Kirkwall kwa hiyo yupo yupo tu kwenye baa ya Hanged Man akisubiri mambo yake yakae sawa. Gemu lilitoka 2011, BioWare hao. Unamkuta kaunta, buti ndefu zinapita magoti, kishati kifupi cheupe, suruali hakuna, dhahabu shingoni na kipini chini ya mdomo, na kabla hujamsemesha wanaume watatu wameshamvaa na ameshawapiga wote. Af anakugeukia na kukutania kama mnajuana miaka kumi. Anapenda wanaume, anapenda wanawake, anapenda kulala nao, anasema hivo kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekwambia anapenda samaki, haombi radhi na wala hashushi macho.

Sa niseme ukweli wangu. Mara ya kwanza nilipocheza sikumbeba. Nilimchukua kwenye kikosi mara moja, akaongea vile anavyoongea na mtu wa nyumbani alikuwa anapita nyuma yangu, nikaona aibu, nikamrudisha baa na nikamwacha huko. Masaa na masaa nimezunguka na wenzake wa kikosini, Aveline, Varric na Anders, Isabela yupo kaunta tu. Mwisho wa sehemu ya pili ikajulikana kwamba ile mali ambayo Qunari, lile jeshi la wageni, wamekwama Kirkwall miaka yote hiyo wakiitafuta, kile kitabu chao kitakatifu, mwizi wake ni yeye. Akakichukua, akaniachia barua, akakimbia. Hakurudi. Mji ukawaka moto, watu wakauawa, na mi nimekaa pale mbele ya skrini nikasema kwa sauti, nilijua tu, mwanamke wa namna ile ungetegemea nini.

Hilo neno nimelikumbuka kwa miaka mingi. Mwanamke wa namna ile. Yani mtu kaiba kitabu na mi nikaona ushahidi ulikuwa kwenye mapaja yake.

Na ukisoma mashabiki wanavyomchambua utaona wengi tulifanya hesabu hiyohiyo. Atakuja mtu aandike aya nzima kumponda, anataja nguo, anataja idadi ya watu aliolala nao, anataja yale magonjwa ambayo wenzake wanamtania nayo, af mwishoni kabisa kama kaukumbuka njiani anaongeza “na pia aliiba”. Na pia! Watu wamekufa mjini kwa sababu ya uoga wa huyu mwanamke, Arishok, mkuu wa hao Qunari, amemkata kichwa mtawala wa mji, na wewe kinachokukera ni kwamba hana suruali?

Ila niwe mkweli, wanaomponda sio walioniumiza zaidi. Wanaomtetea ndo wameniumiza. Wale wanaokuja na moyo mzuri kabisa wakisema jamani msimhukumu, hamjui alipitia nini, aliolewa na mwanaume asiyempenda, aliumia, ndo maana yuko vile. Ni kweli aliolewa. Mume alikuwa anaitwa Luis, akaja kuuawa na muuaji wa kukodiwa na yeye akabaki na meli, na hiyo ndoa anaisema kwa uchungu, hilo sikatai. Lakini uchungu wake uko kwenye kumilikiwa. Hataki tena mtu amuite mali yake, kwa hiyo ukianza kumuongelea habari za mapenzi anarudi nyuma, hapo kweli pana kidonda. Kupenda kitanda sio kidonda! Hicho ni kitu anachokifurahia, anacheka akikisimulia. Wanaomtetea hivo wanachukua kitu chenye furaha kuliko vyote alivyonavyo wanakigeuza ugonjwa ili waweze kumuonea huruma, kana kwamba mwanamke hawezi kupenda hilo jambo akiwa mzima, lazima atakuwa kavunjika mahali.

Af huyo muuaji aliyemuua mume wake ni nani? Zevran. Yule yule Zevran wa gemu la kwanza la 2009, ambaye kila sentensi yake ya tatu ni ya kitandani, anatongoza wanaume, anatongoza wanawake, anamtania hata bibi Wynne kuhusu kifua chake. Utoto wake ndo usiseme, kanunuliwa akiwa mdogo akafundishwa kuua. Na mashabiki wanamuitaje? Mtundu. Mcheshi. Mtamu. Kwenye Dragon Age II anatokea na ukiwa na Isabela wanasalimiana kwa furaha kama marafiki wa zamani walivyo, wote wawili tabia moja, maneno mamoja, na bado ukisoma watu, mmoja ni mtundu na mwingine ni malaya. Na Anders je? Isabela anamkumbuka Anders kutoka kwenye lile danguro la Pearl kule mji wa Denerim, anamkumbusha mpaka kale kamchezo kake ka umeme. Walikuwa nyumba moja! Lakini Anders watu wakibishana naye wanabishana kuhusu uhuru wa wachawi na lile jengo la ibada alilolilipua. Anachukuliwa kama mtu mwenye hoja. Pearl haipo kabisa kwenye faili lake.

Hapo Pearl pia ndo tulipomuona Isabela mara ya kwanza, kwenye lile gemu la 2009, na nadhani kuna kitu kilianza pale ambacho hakijaisha mpaka leo. Alikuwa karakta mdogo tu, dakika chache, anajua mbinu za kupigana za duelist, yani fundi wa kupigana kwa panga, na wewe unazitaka. Unazipataje? Ama umshinde kwenye karata, ama ulale naye. Basi. Wengi wetu tulimjua kama mlango wa kupata skili, tukapita, tukaendelea na safari. Miaka miwili baadaye anarudi akiwa na marafiki na deni na hofu zake, mwandishi wake Sheryl Chee akampa maneno mazuri kuliko karibu wote kwenye lile gemu, lakini watu walishazoea kupita kwake kwenda sehemu nyingine.

Nguo nazo tuziseme kidogo. Najua kuna waliomchora wakiwa na macho yao wenyewe, kamera nayo mara nyingine inakaa mahali ambapo hakuna sababu ya kukaa, na dada anayeona hilo na kukereka ana haki yake. Mi nakereka pia. Ila hasira hiyo iende kwa aliyeshika kamera. Isabela ndani ya hadithi kavaa anavyotaka, na hajavaa kwa ajili yangu.

Haya, kilichonifanya nianze kumuelewa hakikuwa tukio kubwa. Ilikuwa kutembea. Kwenye hili gemu ukibeba watu wawili wanaanza kupiga stori nyuma yako wakati unashuka ngazi za Kirkwall, na mi safari hii nilimbeba Isabela pamoja na Aveline, mkuu wa walinzi wa mji, dada mnyoofu, kabeba ngao, hapendi ujinga. Mwanzoni Aveline hamvumilii kabisa. Anamuita malaya waziwazi, sio mara moja. Na Isabela hajitetei, hasemi mi sio, wala halii. Kuna siku anamwambia tu kwamba wanaomsema hawamjui, yeye mwenyewe anajijua, na hiyo inamtosha.

Nikaendelea kutembea nao. Misheni zikapita nyingi. Af siku moja, nimesimama sokoni nafungua begi niuze panga za zamani, nasikia Aveline anaanza mwenyewe: ulikuwa sahihi. Sahihi kuhusu nini? Kuhusu mtu kujijua. Anaanza kujihesabu, mi ni mkuu wa walinzi, ni mwaminifu, nina nguvu, na hata nikivua nguo sio mbaya sana. Isabela anamkubalia, af anamjaribu, anammwagia majina yote mabaya ambayo mji mzima unamsemea Aveline chinichini, kwamba ni dume jike, kwamba hajui kukaa na watu, kwamba anajifanya mtakatifu, na anamuuliza mtu akikwambia hivo utajibu nini? Aveline anamjibu nyamaza, malaya wewe. Na Isabela anafurahi! Unaisikia kabisa kwenye sauti, ile furaha ya mtu ambaye mwenzake hatimaye ameelewa somo.

Niliacha kuuza panga. Neno ni lilelile la mwanzo, herufi zilezile, lakini safari hii ndani yake kuna mapenzi, na aliyelibadilisha ni yule aliyekuwa anatukanwa. Hakulikataa, alilishika tu mkononi mpaka likaisha makali. Aveline ndo shabiki wa kwanza wa Isabela, nakwambia, kaanza palepale tunapoanza wote na kafika mahali ambapo wengi hatufiki, kwa sababu ametembea naye na sisi tumemwangalia tu kwa mbali.

Sa kuna watu watasema lakini ukiwa naye kimapenzi anabadilika, anakuja kukupenda, kwa hiyo hadithi yenyewe inasema alikosa mtu wa kumtuliza. Nimeisoma sana hii, watu wanajisifia kabisa, nimemfuga, nimembadilisha. Mi safari hii nilikuwa naye kimapenzi na sikuona kufugwa popote. Utani ni uleule, macho kwa wapita njia ni yaleyale, Hanged Man ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba hakimbii tena akisikia neno mapenzi. Na hata asipokuwa na Hawke, ukiwaacha wenyewe yeye na Fenris, mwenzake mwingine wa kikosini, wanaweza kuanza kwenda kwa kila mmoja kimyakimya bila ahadi yoyote, na wako vizuri tu. Au muangalie anavyomlinda Merrill, yule dada wa kikosini asiyeelewa utani wowote, anamuita kipaka, hamfanyii ubaya hata siku moja. Mwanamke anayetamani kila mtu anajua vizuri sana nani asimguse.

Na hiki ndo nilichokuwa sikijui mara ya kwanza, nilikuja kukijua baadaye sana: Isabela kurudi au kutorudi na kile kitabu inategemea umeishi naye vipi. Uwe rafiki yake kiasi cha kutosha, anarudi. Uwe mpinzani wake kiasi cha kutosha, yani mmegombana na kubishana njia nzima, anarudi pia! Anayempoteza ni yule ambaye hakumbeba. Yule aliyemwacha baa. Kwa hiyo ile siku niliyosema nilijua tu, mwanamke wa namna ile, kilichokuwa kimetokea ni kwamba mimi sikumjua kabisa, na gemu lilikuwa linanionyesha hilo peupe na mi nikasoma kinyume.

Kosa lake ni uoga. Castillon, yule bosi aliyempa mzigo kumbe mzigo wenyewe ni watumwa, Isabela alimkosea kwa kuwaachia huru wale watu, akaambiwa alete ile mali ya Qunari ndo deni lifutwe, na kwa miaka anawaona Qunari wamekaa bandarini, anajua wanatafuta nini, ananyamaza. Miaka! Anacheka baa na anajua. Hapo mbane, hapo mi nakuunga mkono, mchambue usiku kucha. Ni kosa la mtu mzima na linastahili hasira ya kweli, na mi naona ni kumdharau kumpa hasira ya suruali wakati ana dhambi ya maana kama hiyo.

Safari hii alirudi. Niko kwenye ukumbi wa mtawala, Arishok yupo juu ya ngazi, watu wamejikunyata kwenye kuta, mlango unafunguka na yeye anaingia na kitabu. Peke yake. Angeweza kuwa baharini muda huo. Anakikabidhi, na Arishok anasema sawa lakini na mwizi naondoka naye, na gemu linakuuliza, unampa au humpi?

Najua watu waliompa. Wameeleza sababu zao na baadhi ni sababu nzito, mji mzima kwa mtu mmoja, mtu mwenyewe mwenye hatia. Wengine waliandika tu kwamba safi, malaya kapata alichostahili.

Mi nilikataa, kwa hiyo ikabidi Hawke apigane na Arishok wawili tu, lile pambano refu la kuzunguka nguzo, yeye ana shoka na panga na akikupata umenyanyuliwa hewani. Dawa za kuponya ziliniishia kabla hajafika nusu. Nilikufa mara mbili, nikarudia, ya tatu nikamwangusha.

Hadithi ikaruka miaka mitatu. Kitu cha kwanza nikaenda Hanged Man. Yupo palepale kaunta, buti zilezile, kanitania kabla sijafika. Nikambeba tukaondoka.