Magunia Manne Mlangoni pa Shosho

Treni ya asubuhi kutoka Miritini ilitufikisha Syokimau mchana, nikadandia ile ndogo ya kuingia mjini Nairobi na kushuka Imara Daima. Hatua chache tu kutoka kwenye magorofa, mabati yanaanza. Nilipita mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga kwa miguu, pale tingatinga zilipobomoa nyumba za maelfu ya watu Novemba 2021, nikaendelea hadi mtaa jirani, Mukuru kwa Reuben.

Nilikwenda kutazama mashamba. Mwenyeji wangu, shosho aliyepanga chumba kimoja, shamba lake ni magunia manne mlangoni.

"Karibu mwanangu, shika hilo kopo," aliniambia kabla sijaketi.

Kopo lilikuwa limetobolewa pande zote mbili. Tulilisimamisha katikati ya gunia tupu, tukalijaza kokoto, tukashindilia udongo na samadi ya mbuzi kulizunguka. Kisha akalivuta kopo juu taratibu, kokoto zikabaki zimesimama kama nguzo. Tukarudia hivyo hadi gunia likajaa. Maji yakimiminwa juu hupita kwenye kokoto hizo na kufika hadi chini. Ubavuni alitoboa matundu kwa kijiti, kila tundu mche wa sukuma wiki, na juu kabisa vitunguu. Humwagilia maji aliyooshea mboga, maana hapa maji hununuliwa kwa mtungi.

Kilimo cha magunia kilienea Kibera, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, hasa baada ya ghasia za uchaguzi, mwaka 2008, chakula kilipokuwa adimu. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya kukuza kilimo cha mjini ilikuja 2015. Lakini sheria haimpi mpangaji mahali pa kuweka gunia, na hilo ndilo nililotaka kumuuliza shosho: njia ikipanuliwa, magunia yatakwenda wapi?

Akaniketisha akanieleza. Agosti 2017 kaunti ilitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango, yaani mtaa wa kupangwa upya kwa utaratibu wake wa pekee: kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kaya zaidi ya laki moja. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, ukawapanga watu nyumba kumikumi, kila kumi wakachagua mmoja wa kuwasemea. Wapangaji nao walihesabiwa. Kwangu hapo ndipo penye uzito, kwa sababu nimezoea vikao ambavyo mwenye hati peke yake ndiye anayeitwa. Walipofika kwenye suala la barabara, vipimo vya kawaida vya serikali vingeng'oa nyumba nyingi mno, basi wakapanga njia nyembamba zaidi ili watu wengi iwezekanavyo wabaki.

"Mwenye kujua maji hupita wapi usiku wa mvua ni sisi," alisema, akinionyesha alama ya tope kwenye bati, karibu na goti langu. Gunia moja lilikuwa juu ya mawe matatu kwa sababu ya alama hiyo.

Mpango upo zaidi kwenye karatasi kuliko ulivyo ardhini, na nilipomuuliza kama hachoki kungoja hakujibu. Alikata majani makubwa ya chini, akaacha machanga ya juu yaendelee, akayafunga mafungu mawili: moja la chakula chetu cha jioni, la pili la jirani aliyekuwa na mtoto mchanga. Lile la jirani nililipeleka mimi.