Siku moja maishani mwangu: dagaa kwenda, mahindi kurudi

Saa 11 alfajiri

Boti imefika Mwaloni Kirumba kabla hakujapambazuka, na vijana wameanza kushusha magunia ya dagaa. Tumesafiri usiku kucha kutoka kisiwani kwetu, upande wa Ukerewe. Mwezi huu wa Julai ndio ninaonunua chakula cha nusu mwaka. Mpunga umevunwa, mahindi ya masika yamekauka, malori yanaingia Mwanza na mizigo, na bei bado inaongeleka. Ukingoja hadi Desemba utanunua mahindi hayohayo kwa bei ya mwenye njaa, tena kwa kisado, dukani kisiwani, baada ya kila mtu aliyeyashika njiani kuongeza chake.

Nyumbani tuko tisa: mimi na baba watoto, mama mkwe, mashemeji wawili na watoto wanne. Shamba letu linatupa muhogo, viazi na mtama kidogo. Ardhi ya kisiwani ni finyu, mahindi ya kututosha hayaoti pale. Tulicho nacho kingi ni dagaa, kwa hiyo dagaa ndio wanaonunua ugali.

Saa 12 asubuhi

Dagaa huvuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikitawala, taa haiwavuti tena na wavuvi wanapumzika. Ndiyo maana mimi hukusanya mzigo wakati wa giza na kuuleta mwezi unapoanza kung'aa, mzigo mpya ukiwa umepungua sokoni. Hapa Mwaloni wanunuzi wanatoka mbali, hadi Kongo na Burundi, na wanaijua kazi yao. Mnunuzi wa leo amechota konzi moja, akawatikisa dagaa kiganjani, kisha akawamimina na kuangalia kama kuna mchanga uliobaki kwenye mistari ya mkono wake. Haukuwepo. Wa kwetu tunawaanika kwenye chanja, hawagusi chini.

"Shangazi, hawa ni wa chanja kweli," amesema, na mazungumzo ya bei hayakuwa marefu.

Saa 2 asubuhi

Chai na chapati mbili kwa mama ntilie, halafu nafaka. Hapa sina haraka, na sitaki mtu aniharakishe. Watu wengi wanadhani kuhifadhi chakula kunaanza siku unapoingiza gunia ndani ya nyumba. Mimi naamini kunaanzia hapa, mbele ya muuzaji, wakati pesa bado iko mkononi. Mahindi mabichi hayaponi kwa mfuko wala kwa dawa. Ukiyafunga yana maji, unafunga ukungu pamoja nayo, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kuipika hakuiondoi, kuyasaga hakuiondoi. Ninapowaza sufuria yangu inavyolisha watoto na bibi yao, siwezi kununua kwa kukadiria.

Kwa hiyo kwenye kikapu changu kuna chupa ya kioo yenye kifuniko na chumvi iliyoanikwa juani hadi ikawa haishikani.

"Mwangaluka, mayu!" muuzaji wa kwanza ananisalimu.

"Mwangaluka, baba. Naomba uchomeke bambo katikati ya gunia, si juu."

Punje zilizotoka katikati nazitia kwenye chupa hadi theluthi, naongeza vijiko vichache vya chumvi, nafunga na kutikisa kwa dakika mbili tatu. Kisha naiweka chupa kwenye kivuli na kusubiri robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi yana unyevu unaozidi kama asilimia 15, hayafai kuhifadhiwa. Ikiteremka yote chini na kioo kikabaki kikavu, tunaweza kuongea.

Ya duka la kwanza imenata ukutani mwa chupa kama ukoga.

"Si utayaanika tu nyumbani, mama? Jua lipo."

Nimemshukuru na kuondoka. Jua lipo, lakini maji nitakuwa nimeyalipia kwa bei ya mahindi, na yatakaa ndani ya boti chini ya turubai kabla hayajaona hilo jua. Isitoshe, siwezi kujua yameshakaa hivyo kwenye gunia siku ngapi.

Duka la tatu ndilo lililonipa jibu nililolitaka. Chumvi imeteremka yote. Punje ukiiuma inavunjika kwa mlio, haibonyei. Nimechekecha kidogo kwenye ungo kutafuta vumbi la dumuzi. Huyu ndiye mdudu ninayemwogopa kuliko fukusi. Alikuja nchini kutoka Amerika, akaonekana kwanza Tabora kwenye miaka ya 1970 mwishoni, na wakulima wakampa jina la Scania. Fukusi hutoboa punje, dumuzi huigeuza unga ndani ya gunia lako. Vumbi halikuwepo.

Nanunua kwa kilo, kwenye mizani, gunia la kilo 100 lililoshonwa mdomo ukiwa sawa. Debe silitaki, kwa kuwa debe lililobonyezwa kitako linakula mahindi yako bila kelele. Lumbesa nayo, gunia lililojazwa kupita mdomo wake, inamuumiza mkulima aliyeijaza kule shambani na kijana atakayeibeba hapa, na mimi sitaki chakula changu kipitie njia hiyo. Nimechukua manne. Hesabu yangu ni rahisi: tunakula kama kilo tatu za unga kwa siku, nusu yake udaga, unga wa muhogo wetu wenyewe. Gunia moja linatufikisha miezi miwili. Matatu ni ya nusu mwaka, la nne nitalieleza.

Nachukua punje, sichukui unga. Sisi tunakula dona, na dona inasagwa na kiini chake chenye mafuta, kwa hiyo haikai muda mrefu, inachacha. Punje kavu inasubiri.

Saa 5 asubuhi

Mchele gunia moja, maharage kilo 60. Kwenye maharage naangalia vitundu tu, maana mdudu wake huanzia shambani, anakuja nyumbani akiwa ndani ya punje. Mafuta ya alizeti ndoo moja, chumvi, sukari, sabuni, vitunguu kwenye neti, viberiti.

Saa 7 mchana

Kupakia. Mifuko maalumu ya kuhifadhia nimeikunja ndani ya kikapu na haitatoka hadi nyumbani, kwa sababu ndoano moja ya kuli ikipita kwenye nailoni, mfuko umekufa. Magunia yamekaa juu ya mbao, si kwenye sakafu ya boti yenye maji, na turubai juu yake.

Nahodha wetu leo amekataa mzigo wa mfanyabiashara aliyechelewa, na kelele zimekuwa nyingi. Mimi nimesimama upande wa nahodha. Sisi wa Ukerewe hatuhitaji kufundishwa kuhusu kuzidisha. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichotengenezwa kubeba watu 101 kilipinduka karibu na Ukara kikiwa na watu wengi mno na mizigo yao, na zaidi ya watu 220 wakafa. Wengi walikuwa wanatoka gulioni, wakiwa na chakula cha nyumbani kama mimi leo.

Saa 12 jioni

Tumefika. Kulwa na Doto wako ufukweni na wajomba zao wameleta mkokoteni.

Saa 1 usiku

Kazi iliyobaki ni ya mikono safi. Taa ya sola imening'inizwa juu ya chaga. Kila mfuko una tabaka tatu: mbili za ndani ni nailoni nzito, ya nje ni sandarusi ya kawaida. Doto anapuliza hewa kwenye kila nailoni, anaubana mdomo na kuikandamiza shavuni, kusikiliza kama kuna pumzi inayovuja. Moja ilivuja, tukaiweka kando.

Tunamimina mahindi ndani ya nailoni ya kwanza, tunayashindilia pembeni ili hewa isibaki, tunasokota mdomo, tunaukunja, tunafunga kwa kamba ya mpira. Kisha ya pili hivyohivyo, kisha sandarusi. Mdudu aliyemo humo anatumia hewa iliyobaki, inaisha, naye anakufa bila kuzaa. Hakuna dawa ya unga inayogusa chakula. Maharage yanaingia kwenye madumu makavu, yakijazwa hadi shingoni kwa sababu hiyohiyo.

Mama mkwe amekaa kwenye kigoda akikagua kila fundo. Yeye alikulia kwenye kihenge, majivu na majani ya mwarobaini, na bado anataka majivu yanyunyizwe chini ya chaga. Tunanyunyiza. Hayaharibu kitu.

"Mama Kulwa, lile la nne umeliandika?"

"Bado, mama."

"Liandike mbele yangu."

Matatu yana tarehe na mpangilio wa kufunguliwa, kwa wino mzito. Tukifungua moja, tunachota debe la kwenda mashineni na kulifunga palepale. La nne ni la misiba, wagonjwa na wageni, na hakuna wa kuligusa bila ruhusa ya bibi. Hapa kisiwani msiba ukitokea usiku, watu mia wanakuja kabla duka halijafunguliwa. Nimeandika "MSIBA/WAGENI". Amesema niongeze "si la mkopo". Nimeongeza.

Saa 3 usiku

Magunia yako hatua moja kutoka ukutani, panya asipate pa kujificha nyuma yake. Kesho asubuhi Doto atapeleka debe la kwanza kusagwa pamoja na udaga, na mimi naanza kuuliza nani anauza mpunga ambao haujakobolewa, maana mchele gunia moja hautafika Januari.