Vigae vya paa kuukuu vilivyonitoa kwenye kuuza miche

Nilikuwa nauza miche kando ya barabara hapa Kisumu. Bogenvilia, nyasi za kupanda, miti ya kivuli, basi. Mteja anachukua miche kumi, anataka apunguziwe na aongezwe mmoja wa bure, anaondoka. Pesa ya unga ilipatikana. Karo ilikuwa hadithi nyingine.

Asubuhi moja nikapita mjini nikakuta duka la zamani la Wahindi linabomolewa, lile la ghorofa lenye roshani ya mbao. Vijana walikuwa juu wakirusha vigae vyekundu chini kama maganda ya ndizi. Nikamwuliza dereva wa lori kifusi kinakwenda wapi.

"Kujaza shimo, mama."

Nikampa elfu mbili ageuze njia. Mume wangu aliporudi jioni alikuta lori zima la uchafu limemwagwa mbele ya jiko. Tuliyoambiana usiku ule yabaki yetu.

Nilichokiona mimi kilikuwa mgongoni mwa kile kigae. Ukikigeuza unakuta jina la kiwanda limechapwa kwenye udongo, na chini yake neno Mangalore. Wamisionari wa Basel, Uswisi, ndio walioanzisha kiwanda cha vigae huko Mangalore, India, mwaka 1865, vingine vikafuata, na vigae vyao vikasambaa pwani za Bahari ya Hindi. Reli ilifika hapa kwetu Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence, na mizigo ya aina hiyo ikapata njia ya kufika ziwani. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikisugua kigae kwa brashi ya nguo hadi herufi zikatoka zote. Miche haikumwagiliwa siku ile.

Kazi ya kwanza ilikuwa ya mwalimu mmoja aliyetaka njia kutoka getini hadi mlangoni. Badala ya kabro, yale matofali ya saruji ya kutandika chini, nikampangia vigae vilivyovunjika, vimesimamishwa kwa ubavu, vimebanana kama vitabu rafuni. Vikipangwa hivyo havivunjiki ukivikanyaga, na mvua ikinyesha vinawaka wekundu. Jirani yake akaja kuuliza, na jirani wa jirani.

Hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Nyumba ya tatu ilikuwa upande wa Kano, kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukinywa maji unafura, ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mimi nikamwaga mchanga juu yake, nikapanga vigae, nikapokea pesa Februari. Mei mteja akanipigia simu: "Mama, njoo uone mawimbi yako." Njia ilikuwa imepanda na kushuka kama ziwa lenye upepo. Niliirudia yote kwa pesa yangu. Siku hizi kwenye udongo ule tunachimba nusu mita, tunaweka mawe makubwa, tunashindilia moramu, ule udongo mwekundu wa changarawe, ndipo mchanga, na njia tunaipa mteremko wa sentimita mbili kwa kila mita ili maji yatoke. Jiwe la miaka mia na kabro ya jana vyote huzama sawasawa.

Kosa la pili lilikuwa la hesabu, nalo liliniuma zaidi kwa sababu lilichukua miaka miwili. Vitu nilivipata karibu bure, kwa hiyo niliviuza karibu bure. Sikuhesabu usafishaji. Chukua tofali moja kuukuu. Kama lilijengwa kwa chokaa, unaligonga kidogo kwa mgongo wa panga na chokaa inabanduka kama ukoko wa ugali kwenye sufuria. Kama lilijengwa kwa simiti, utagonga hadi tofali lenyewe lipasuke na simiti ibaki inakucheka. Kibarua wangu hodari husafisha matofali 120 kwa siku, na hayo ni ya chokaa. Weka ujira wake, weka lori, weka vigae vitatu katika kila kumi vitakavyovunjika njiani, na utaona kwa nini nilikuwa na kazi nyingi na deni dukani kwa pamoja. Sasa nikienda kuangalia nyumba inayobomolewa naenda na ufunguo wa mlango tu. Nakwaruza kwenye kiungo. Kikitoa unga, tunazungumza bei. Kikikataa, nawatakia siku njema.

Watu huniuliza, "Mama Mawe, mbona tofali la zamani ni ghali kuliko jipya?" Zamani niliona haya. Sasa namkabidhi panga na tofali moja, namwambia asafishe.

Lakini kilichoifanya kazi hii iwe biashara ni daftari. Mama mmoja wa Riat aliniuliza ngazi ninayomjengea imetoka wapi. Nikajibu harakaharaka kwamba ni ya stesheni ya zamani, kwa vile nilijua angependa. Haikuwa kweli. Ilitoka kwenye ghala la pamba lisilojulikana na mtu. Wiki iliyofuata akaja na wageni, nikamsikia akiwasimulia habari za stesheni kwa fahari, na mimi nimesimama pale na koleo nikitamani ardhi inimeze. Jioni nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, akasema, "Na pamba ilikuwa inatoka wapi?" Habari ya pamba akaipenda kuliko ile ya uongo.

Tangu hapo kila mzigo una ukurasa wake: nyumba ilikuwa wapi, nani aliuza, namba ya kitambulisho, sahihi, picha kabla ya kubomoa. Kigae kilichotengenezwa Nairobi naandika Nairobi, hata kama mteja angetamani India. Jengo lililotangazwa na serikali kuwa la urithi siligusi hata likianguka lenyewe, maana kuna sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Mataruma ya reli pia siyanunui. Mengi ya reli ya zamani ni ya chuma, na ya chuma ni mali ya watu. Ya mbao yamelowekwa dawa nyeusi ambayo sitaki iwe karibu na sukuma wiki ya mtu.

Januari 2022 serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya nguzo za umeme zilizokatwa, askari wawili walifika uani kwangu. Nilikuwa na vyuma vya madirisha, vile vyenye mapambo. Nikafungua daftari, nikawaonyesha muuzaji, tarehe, picha ya madirisha yakiwa bado ukutani. Walisoma kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia, mmoja akauliza bei ya vigae. Vyuma vilikaa palepale hadi Mei, marufuku ilipoondolewa, lakini mimi nililala nyumbani.

Kuta za mawe nilijifunza Thimlich Ohinga, boma la kale la mawe kule Migori, nilikokwenda na fundi wangu baada ya UNESCO kupaorodhesha kuwa urithi wa dunia mwaka 2018. Ukuta wa mawe matupu, bila tope wala chokaa, umesimama kwa karne kadhaa. Fundi alizunguka kimya, kisha akanivuta mkono kunionyesha jinsi vijiwe vidogo vilivyosindikwa kubana mawe makubwa. Yeye alikuwa akivitupa vijiwe vile kama taka. Sasa ana karai lake la vijiwe na haruhusu mtu aliguse.

Leo tuko watu saba, na kitalu bado kipo, maana bila mimea hayo yote ni kifusi kilichopangwa. Wateja wengine wanatoka Nakuru.

Mwaka jana alikuja mzee wa Kihindi na mjukuu wake. Alikuwa amesikia kizingiti cha duka lao kiko kwangu. Nilifungua daftari, tukakuta anwani ndiyo, tukakuta jiwe lenyewe chini ya mwarobaini, limebonyea katikati kwa nyayo. Akaweka kiatu chake kwenye lile bonde.

"Hiki nilikikanyaga kila siku nikienda shule, na wewe unaniuzia?"

"Mzee, nilikilipia lori."

Tulibishana bei karibu saa nzima, chai ikaletwa mara mbili. Alikipata kwa nusu ya nilichotaja, kisha akadai usafiri uwe juu yangu. Nikakubali. Ukurasa ule nimeandika: kimerudi kwa mwenyewe, hasara shilingi mia nane.