Siku Moja Maishani Mwangu: Mkutubi wa Tanga, Likizo ya Juni

Saa 1:30 asubuhi

Kusi limeshaingia na asubuhi za Juni hapa Tanga zina ubaridi wa kuvaa sweta. Maktaba yetu ya mkoa hufunguliwa saa tatu, lakini mimi hupenda kuwahi, maana rafu husomeka vizuri watu wakiwa hawajafika. Kusoma rafu ndiyo kazi yangu ya kwanza kila siku: napitisha kidole kitabu kwa kitabu nikihakikisha namba za mada zilizo mgongoni zinafuatana. Kitabu kilichokaa mahali pasipo pake kimepotea, hata kama kimo humu humu ndani.

Leo nimekuta kitabu cha ufugaji wa kuku, ambacho makazi yake ni 636.5, kimejibanza kwenye 896.392 katikati ya fasihi ya Kiswahili. Kuna mtu anakificha pale makusudi ili akikute kesho yake. Anakihitaji huyo, ila hana kadi ya kuazimia. Nimekiacha palepale, nikachomeka kikaratasi ndani: "Karibu kaunta, tukuandikishe uende nacho nyumbani."

Saa 3:00

Mlango haujafunguka wote, wazee wa magazeti wameshaingia. "Shikamooni." "Marahaba, binti yetu, umeamkaje?" Wana utaratibu wao ambao hakuna aliyewapangia: mmoja anaanza na Mwananchi, wa pili Nipashe, wa tatu HabariLeo, kisha wanabadilishana. Mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya mkonge anaanzia ukurasa wa biashara, kisha anawasomea wenzake kwa sauti ya chini wale ambao macho yamechoka.

Hawa wazee ni wakubwa kuliko taasisi yetu. Jengo hili ni la miaka ya 1950, wakati huo likiitwa kwa jina la Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Sheria iliyoanzisha bodi ya maktaba ya taifa ilipitishwa mwaka 1963, na Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya maadhimisho ya Uhuru. Kwamba nchi changa, yenye mahitaji chungu nzima, ilichagua kufungua maktaba siku kama hiyo, ni jambo linalonipa heshima ya kazi yangu hadi leo.

Saa 4:00

Vijana waliomaliza kidato cha sita wamejaa kwenye kompyuta. Mtihani waliufanya Mei, sasa mawazo yao yote yako kwenye mkopo wa chuo kikuu. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, na hapo ndipo wengi hukwama. Binti mmoja amekaa mbele ya skrini, mkono shavuni. Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu yake, cheti cha kidato cha nne kina jina la baba. Ameshaambiwa na rafiki zake kwamba basi, mkopo ameukosa.

Nimevuta kiti. Tumeweka vyeti vyote viwili mezani, tukaandika kwenye karatasi kila jina lilivyo, herufi kwa herufi. Nimemweleza aende dawati la RITA kwenye ofisi ya Mkuu wa Wilaya akiwa na nakala za vyote viwili, aulize kwanza njia ya kurekebisha, asije akalipa mtu wa mtaani anayejiita wakala. Mama yake alikuwa amesimama mlangoni muda wote, hakutaka kuingia. Nilipomfuata akaniuliza, "Humu ndani tunalipia kuuliza?" Nikamshika mkono tukaingia pamoja.

Msaada huu haumo kwenye mafunzo ya ukutubi niliyosoma Bagamoyo, lakini mwezi kama huu ndio unaoletea maktaba watu wengi kuliko kitu kingine chochote. Mtu anaingia kwa ajili ya cheti, anatoka na kitabu.

Saa 5:00

Saa ya hadithi. Shule zimefungwa, mikeka miwili haitoshi, wengine wamekaa kwenye sakafu.

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Sauti yao inafika hadi kwa wazee wa magazeti, nao huitikia, kila siku huitikia.

Hili ndilo jambo ninalojivunia zaidi mwaka huu, kwa hiyo nitalieleza vizuri. Vitabu vyetu vya watoto ni vya aina nyingi, na vingi vinatoka mbali. Kuna vizuri mno vya Kiingereza vinavyoletwa kama msaada. Lakini mtoto wa darasa la tatu wa Makorora au Mabawa anahitaji pia kuona mambo ya kwao yamechapwa. Tukawapa kazi: kila mtoto aende kwa bibi, babu, au jirani mzee, aombe hadithi moja, aje nayo kichwani. Asiandike kwanza. Ailete kwa mdomo.

Wakaja nazo. Za Kidigo, za Kibondei, za Kisambaa kutoka Lushoto ambako mtoto alikwenda likizo ya Desemba, na moja ya Kizigua yenye wimbo ndani yake ambao bibi alikataa kuufasiri, akasema uimbwe hivyo hivyo. Mtoto anasimulia, wenzake wanauliza, kisha anakaa na mmoja wetu na kaunta buku, anaiandika kwa Kiswahili kwa mwandiko wake mwenyewe. Hatusahihishi ladha. Tunasahihisha tahajia tu, tena kwa penseli, aone alipokosea na kupatia.

Kaunta buku ya kwanza ilipojaa tuliipa jalada gumu, tukaipiga mhuri, tukaipa namba ya usajili na namba ya rafu kama kitabu kingine chochote. Tumeandika majina ya watoto wote na ya bibi na babu zao ukurasa wa kwanza. Tangu siku hiyo haikai rafuni. Watoto wanaigombea, na bibi mmoja alikuja mwenyewe na bakora yake kutaka kuoneshwa jina lake lilipo. Hasomi. Mjukuu alimwekea kidole juu ya herufi, naye akakipitisha chake taratibu hadi mwisho wa jina.

Leo tunaanza kaunta buku ya pili. Msichana wa darasa la sita ameniuliza kama Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapokea hadithi za watoto. Nimemwambia kipengele hicho kipo, na kwamba tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 2023. Akaniuliza, "Anti, na mimi naweza?" Nimemwambia aandike kwanza hadithi yake mpaka mwisho, aniletee, tutasoma masharti pamoja.

Saa 7:00 mchana

Wali maharage wa mama ntilie na juisi ya bungo. Nimekula na mwenzangu anayekaribia kustaafu, fundi wetu wa vitabu. Baba yake alifundisha kisomo cha watu wazima kijijini miaka ya 1970, jioni, chini ya mwembe, kwa taa ya chemli. Mwaka 1967 theluthi mbili ya watu wazima wa nchi hii hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilionesha wamebaki karibu mmoja katika kila kumi. Yeye anasema alikua akiona watu wazima wakitembea na daftari kwapani bila kuona aibu, na hiyo ndiyo Tanzania anayoikumbuka.

Baada ya kula akanionesha kitabu cha darasa la tatu kilichokatika mgongo. Anatoboa matundu kwa msumari mwembamba, anapitisha uzi wa pamba aliousugulia nta, anakaza, anapaka gundi kwa kidole, kisha anakibana katikati ya mbao mbili na tofali juu. Kesho asubuhi kitakuwa mikononi mwa mtoto. Akistaafu, mikono hii tunaikosa. Ndiyo maana nimemwomba anifundishe, na kijana wetu wa kujitolea ameanza kukaa naye kila Jumatano.

Saa 8:30

Nimepanda bodaboda na sanduku la vitabu hadi Sahare, kwa akina mama wanaoanika dagaa na wengine wanaolima mwani. Wana kikundi chao cha vikoba, cha kuweka akiba na kukopeshana. Mwanzo walituomba vipeperushi vya mwani. Tukavipata, tukavisoma nao. Baada ya hapo mwenyekiti wao akanivuta pembeni, akaniambia shida yenyewe ni nyingine: mikopo kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa.

Kwa hiyo leo hatukusoma hadithi. Mama mmoja alileta karatasi aliyopewa na mkopeshaji wa mtaani, akaruhusu tuisome mbele ya wote. Amechukua 100,000. Anarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Nimeandika hesabu kwa chaki kwenye ubao wa mashua iliyopinduliwa: 5,000 mara 30 ni 150,000. Pakawa kimya, kisha mmoja akasema, "Nusu ya pesa nzima, kwa mwezi!" Wakaanza kusemezana, kila mtu akipiga ya kwake.

Tumepitia maneno yaliyomo: riba, dhamana, marejesho, faini. Nimewasomea kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na kwamba vikundi kama chao vinatambuliwa kwenye daraja la nne la sheria hiyohiyo, wanapaswa kusajiliwa. Mama mwenye karatasi alitaka aisome mwenyewe tena toka juu. Alisoma polepole, akikwama, wenzake wakimsubiri bila kumdakia. Alipofika kwenye neno "dhamana" na chini yake kuona cherehani yake imeandikwa, aliinua macho. Alikuwa ametia dole gumba bila kusomewa mstari huo.

Tumekubaliana wiki ijayo aalikwe ofisa maendeleo ya jamii wa kata. Mimi nitapeleka nakala ya sheria yenyewe na kikokotoo.

Saa 10:30 jioni

Narudi nakuta chumba cha kusomea kimejaa hadi kiti cha mwisho. Wanaorisiti kidato cha nne, wanafunzi wa bweni walio likizo, walimu wawili wanapakua vitabu kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu. Dereva wa bodaboda mmoja ameegesha pikipiki nje, kofia ngumu kaiweka mezani, anakokotoa hesabu. Alifaulu mtihani wa QT, ule wa maarifa unaomruhusu aliye nje ya shule kufanya mtihani wa kidato cha nne, sasa amejiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huja saa hizi kila siku, katikati ya abiria wa mchana na wa usiku. Amenirudishia kitabu cha baiolojia kabla ya tarehe ya mhuri, akaomba cha kemia.

Mfugaji wa kuku pia kaja! Amekiona kikaratasi. Ni kijana wa Pongwe. Tumemwandikisha, ameondoka na 636.5 yake kwapani.

Saa 12:00 jioni

Kufunga. Najaza daftari la takwimu: waliosoma ndani, walioazima, waliorudisha, wanachama wapya. Fomu hizi zina safu ya vitabu vilivyotoka na ya watu walioingia. Sahare haina safu. Binti wa vyeti viwili hana safu. Nimeanza kupiga mstari chini ya ukurasa na kuandika yote hayo kwa maneno, na bosi wangu amekubali tuyapeleke na ripoti ya mwezi, kwa sababu bajeti hufuata kinachohesabiwa. Akina mama wa Sahare ni wasomaji wa maktaba hii sawasawa na yeyote aliyekaa kwenye kiti chetu, na nitaendelea kuwaandika mpaka safu yao iwepo.

Kabla sijatoka nimepitia orodha ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto watasoma hadithi zao wenyewe hadharani, na tumewaalika bibi na babu wote waliosimulia. Bado tunahitaji mikeka minne zaidi, spika ya kuazima, na mtu wa kumfuata kwa gari yule bibi wa wimbo wa Kizigua, kwa sababu amesema atakuja kuuimba mwenyewe.