Ratili 23 za Crisp

Kabla ya kuondoka London nililipima begi langu mara mbili. Nililijaza kwa makusudi, chupa za maji, viatu vya akiba, vitabu viwili vinene, mpaka mizani ikasoma kilo 10.4. Hizo ni ratili 23. Ndizo ambazo farasi Crisp alibeba zaidi ya mshindani wake Red Rum katika Grand National ya mwaka 1973, mbio za farasi za kuruka viunzi katika uwanja wa Aintree, Liverpool, ambako farasi bora hupewa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi. Kwa miaka mingi nimezisoma kama tarakimu tu. Safari hii nilitaka mabega yangu yazijue.

Ilikuwa Ijumaa, mkesha wa mbio kuu za 2025. Treni ya kutoka Euston ilinifikisha Lime Street, Liverpool, kwa saa mbili na ushei, na behewa zima lilikuwa likizungumza farasi. Mzee aliyekaa mkabala nami alikuwa na gazeti lililochorwa kalamu kila pembe. Nilipomwambia kilichomo begini hakucheka. Aliniuliza tu kama nitalibeba kwenye lami au kwenye mchanga. Nikamwambia mchanga. Akatikisa kichwa, akasema hapo ndipo nitaelewa.

Sikwenda Aintree siku hiyo. Nilitembea hadi kituo cha Central nikapanda treni ya Southport, mji wa pwani ambako Red Rum alifanyia mazoezi. Mkufunzi wake, Ginger McCain, alikuwa muuza magari, na mabanda ya farasi yalikuwa nyuma ya duka lake. Hakuwa na mashamba ya majani ya kukimbizia farasi, alikuwa na ufuko. Red Rum alikuwa na ugonjwa wa mfupa ndani ya kwato, na wengi wanaamini ni mchanga na maji ya chumvi vilivyompa miguu ya kukimbilia.

Nilikuta maji yamekupwa mbali kabisa, mchanga umebaki wazi mpaka macho yanachoka. Nikakaza mikanda ya begi nikaanza kutembea kwa kasi. Hatua mia za mwanzo sikulihisi. Hata nilijiuliza kama nimesafiri bure. Baada ya robo saa mikanda ilianza kula mabega. Baada ya nusu saa hatua zangu zilikuwa zimefupika bila mimi kuamua, na kila mguu ulizama zaidi kidogo ya nilivyotaka. Nilipogeuka kutazama nyayo zangu niliona jambo lenyewe limeandikwa chini: mwanzoni nyayo zimeachana na makali yake yako safi, kisha zinakaribiana, mwishoni zimeburuzwa.

Najua mimi si farasi. Farasi wa mbio ana kilo kama 500, na kilo 10 kwake ni asilimia 2 tu. Lakini mimi nilikuwa natembea. Yeye anakwenda shoti kwa zaidi ya maili 4 na anaruka viunzi 30. Kila anapotua, mguu mmoja wa mbele hugusa ardhi kwanza na kupokea mwili mzima ukishuka, pamoja na mpanda farasi, tandiko na kila kilichoongezwa. Kano ya nyuma ya mguu huo hutanuka kama mpira, na ni hiyohiyo inayoumia mara kwa mara. Tena kuna pumzi. Akiwa shoti, farasi huvuta pumzi moja kwa kila hatua, kwa hiyo hawezi kuhema haraka kuliko miguu yake inavyokwenda. Mtu aliyechoka anaweza kusimama wima akahema atakavyo. Farasi, mzigo ukimzidi, hana pa kulipia ila kwenye hatua: inafupika, na kasi inashuka.

Ndiyo maana kilichotokea 1973 kilionekana mwishoni, wala si mwanzoni. Crisp, farasi kutoka Australia, alibeba stoni 12, yaani ratili 168. Red Rum alibeba ratili 145. Kwa sehemu kubwa ya mbio Crisp aliongoza peke yake, akiruka viunzi vile vikubwa kana kwamba hana mtu mgongoni. Aliporuka cha mwisho bado alikuwa mbele kwa karibu urefu wa farasi 15. Zikabaki yadi 494 tu, na hapo miguu ikaisha. Alianza kuyumba kushoto. Mpanda farasi wake, Richard Pitman, amekiri mwenyewe kwamba alikosea kutumia mjeledi kwa mkono wa kulia, na sipendi kuusingizia uzito kila kitu. Lakini farasi mwenye nguvu hayumbi namna ile. Red Rum alimpita kwenye hatua za mwisho kabisa, akashinda kwa robo tatu ya urefu wa farasi. Alitumia dakika 9 na sekunde 1.9, zaidi ya sekunde 18 chini ya rekodi ya zamani. Aliyeshindwa naye aliivunja rekodi hiyo akiwa na stoni 12.

Miezi michache baadaye, huko Doncaster, wawili hao walikutana tena wakibeba uzito sawa. Crisp alishinda kwa urefu wa farasi 8.

Waswahili husema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na mkadiriaji wa uzito, yule anayempangia kila farasi mzigo wake, hufanya hivyo hasa. Kila farasi hupewa alama kulingana na mbio alizokimbia, na tofauti ya alama moja ni tofauti ya ratili moja mgongoni. Wenyewe wana kipimo chao: katika mbio za maili 3, ratili moja ni sawa na urefu mmoja wa farasi. Uzito wa Grand National hutangazwa Februari na mbio ni Aprili, kwa hiyo farasi anayeimarika katikati hukimbia akiwa na mzigo wa jana. Zamani kiwango cha juu kilikuwa stoni 12 na ratili 7. Manifesto alishinda akiwa nazo mwaka 1899, na Poethlyn 1919 akawa wa mwisho kuziweza. Siku hizi juu kabisa ni stoni 11 na ratili 12, na nafurahi kwamba imeshushwa. Arkle, farasi ambaye kwangu hana mfano, alishindwa katika mbio za Hennessy za 1966 kwa nusu ya urefu na farasi aliyebeba ratili 35 pungufu. Siwezi kuiita hiyo kusawazisha.

Jumamosi nililiacha begi hotelini nikaenda Aintree mikono mitupu, mabega yakiwa bado yanauma. Kituo cha treni kinatazamana na uwanja. Farasi walikuwa 34. Nilisimama upande wa zile yadi za mwisho, karibu na mahali njia inapokunja, nikasubiri mzunguko wa pili.

Walipotoka kwenye kiunzi cha mwisho, Nick Rockett na I Am Maximus walikuwa wakipigania mbio. I Am Maximus, bingwa wa mwaka uliotangulia, alikuwa na mzigo mkubwa kuliko wote, ratili 166. Nick Rockett alikuwa na 162. Tofauti ni ratili 4, hazifiki hata kilo 2. Walipita mbele yangu na nilichosikia zaidi ni pumzi, zikitoka kwa mpigo mmoja na kwato. I Am Maximus hakusimama, hakuyumba. Hatua yake ilifupika tu, kama zangu kule mchangani. Alishindwa kwa urefu wa farasi 2 na nusu. Sitasema ratili 4 ndizo zilizomshinda, maana mshindi naye hakubeba kidogo. Lakini nilijua ninachokitazama.

Baadaye farasi mmoja wa nyuma aliletwa karibu na uzio nilipokuwa. Mtunzaji alimmwagia ndoo ya maji shingoni na mvuke ukapanda. Mpanda farasi aliufungua mkanda chini ya tumbo, akavuta tandiko, na chini yake kikatoka kitambaa chenye mifuko ya vipande bapa vya madini ya risasi. Alikishika kwa mkono mmoja na bega likamwinama upande huo. Mgongoni kwa farasi ilibaki alama ya jasho jeusi yenye umbo la kitambaa kile, na misuli iliyokuwa chini yake ilitetemeka muda mrefu baada ya mzigo kuondolewa.